Unataka kununua Land Rover au mkonga? Soma haya kwanza

Kila masika inapokaribia, simu ya studio hupokea swali lile lile kwa sauti tofauti. Safari hii aliyeuliza alikuwa mzee mmoja wa upande wa Simanjiro. Alianza kwa salamu ndefu kama ilivyo desturi, akaulizia hali ya nyumbani, ya mifugo na ya mvua, ndipo akafika kwenye shida yake. Vijana wake wawili wanamshauri auze ng'ombe anunue Land Rover ya kubeba watu na mizigo siku za mnada. Mama yao hataki. Mzee akataka redio iamue.

Redio haiamui mambo ya boma la mtu. Nilimjibu kwa kifupi hewani kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa inakaribia, na nilijua jibu lile halikumtosha. Haya ndiyo maelezo yenyewe. Mengine nimeyapata kwa mafundi, lakini mengi nimejifunza nyumbani: tunayo 109 ambayo marehemu baba aliinunua kwenye mnada kabla sijaanza shule, nami na kaka yangu tumeirithi pamoja na madeni yake.

Tuanze na majina, kwa maana watu huyachanganya. Magari ya porini tunayoyaona huku ni ya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni Land Rover ya Uingereza. Ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Aliyebuni wazo hilo ni Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, ambaye shambani kwake Wales alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Chuma wakati ule kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mpaka leo bodi ya Land Rover ya zamani hujikunja kama sufuria lakini haiozi kwa kutu kama mabati. Chesisi ni chuma, na hiyo huoza. Tutarudi hapo.

Namba 109 ni inchi, kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, kama mita mbili na sentimita 77. Mwaka 1983 ikaja 110, yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangana. Jina Defender likaanza kutumika mwaka 1990, na la mwisho la umbo lile la zamani lilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Defender jipya linaloonekana mjini ni gari jingine kabisa. Halina chesisi ya peke yake na limejaa kompyuta. Fundi wa chini ya mwembe asiliguse.

Ukoo wa pili ni Land Cruiser ya Toyota. Hapa namaanisha lile gumu la mfululizo wa 70, lililoanza mwaka 1984 na bado linatengenezwa, si shangingi la wakubwa. Watu wetu wamelipa jina la mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Mengi ya huku yana injini ya dizeli iitwayo 1HZ, silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo wala kompyuta. Ni nzito, ni ya polepole, na ina sifa ya uvumilivu kuliko karibu injini yoyote inayopita barabara zetu.

Raha yake

Sitaki kuandika matatizo tu kana kwamba watu wanaonunua magari haya hawana akili. Raha ipo, na ni kubwa.

Mvua imenyesha siku mbili, njia ya udongo mweusi imegeuka uji. Noah imelala pembeni, lori limezama hadi kwenye ekseli, vijana wa bodaboda wameketi chini ya mti wakingoja jua. Wewe unaingiza gia ndogo, unaachia klachi taratibu, na gari linatembea kwa mwendo wa ng'ombe, halikimbii wala halisimami. Matairi yote manne yanasokota. Watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele. Nimewahi kuendesha magari ya mjini yenye redio nzuri na kiyoyozi, na hakuna hata moja lililonipa furaha ile.

Raha nyingine ni kwamba unaliona gari lako. Ukifungua boneti ya 109 unaona injini, na pembeni ya injini unaona ardhi. Kila kitu kinafikiwa na spana. Joto likizidi unafungua vile vilango viwili chini ya kioo cha mbele, upepo na vumbi vinaingia pamoja, na huna haja ya kumlipa mtu gesi ya kiyoyozi.

Halafu kuna heshima. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kutafuta kikombe cha Babu, Land Rover na mikonga ndiyo iliyoibeba njia ile kwa sehemu kubwa. Na Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, magari ya kila umri yakapangwa mstari mrefu barabarani, mengine yakiwa na umri kuwazidi madereva wao. Baba angekuwepo angeipaka yetu rangi.

Lakini mwenye gari hili kijijini huacha kuwa mwenye gari, anakuwa huduma. Utaamshwa usiku kwa mama mjamzito. Utabeba maiti. Utaitwa kuvuta lori la mtu ambaye asubuhi yake alikupita bila salamu. Huwezi kukataa, na aliyeamshwa usiku hakumbuki kuuliza dizeli ni shilingi ngapi. Hili ndilo lililokuwa likimfilisi baba, kuliko hata spea. Mwishowe wazee wa kitongoji chetu walikaa wakapanga mchango mdogo wa kila kaya kwa ajili ya safari za hospitali, dizeli ikawekwa kwenye dumu lisiloguswa kwa jambo jingine. Kama unanunua gari, lizungumzeni mapema. Ukishaanza kubeba bure, kudai baadaye kunaonekana roho mbaya.

Jinsi linavyovuta

Ni vizuri kuelewa jambo moja la ufundi, maana uharibifu mwingi unaanzia hapa.

109 na mkonga kwa kawaida huendeshwa na matairi ya nyuma tu. Ukiingiza fowili, nguvu inakwenda mbele na nyuma kwa kipimo kile kile, kama vile ekseli mbili zimefungwa kamba moja. Kwenye tope au mchanga hakuna shida, tairi likizidiwa linateleza kidogo. Kwenye lami au ardhi ngumu tairi haliwezi kuteleza, na unapokata kona matairi ya mbele yanasafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Ule mvutano hauna pa kwenda. Unajikunja ndani ya propela na giaboksi mpaka leva ya fowili inagoma kutoka, au kitu kinakatika. Kwa hiyo ukitoka kwenye tope, toa fowili. Leva ikigoma, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia.

Kwenye 110 na Defender ni tofauti. Hayo yana fowili muda wote, na katikati kuna difu inayoruhusu mbele na nyuma vipishane. Leva unayoivuta kwenye tope inaifunga difu hiyo ya katikati. Kanuni ni ile ile: ukifika kwenye lami, ifungue.

Mikonga mingi ina vifungo vya kuzungushwa kwa mkono kwenye habu za mbele. Kama hujavifunga, unaweza kuingiza fowili ndani ya gari mpaka jua lizame na matairi ya mbele hayatavuta. Nimewakuta madereva wawili wakitukanana kwenye tope kwa kosa hili. Na hata kiangazi, funga vifungo hivyo na uingize fowili kwenye njia ya vumbi mara moja kwa mwezi, uende kilomita kadhaa, ili oili ifike kwenye gia za mbele ambazo zimekaa bila kazi.

Handbreki na jeki: hapa soma taratibu

Ningepewa nafasi ya kueleza jambo moja tu, lingekuwa hili.

Handbreki ya gari dogo hushika matairi ya nyuma. Handbreki ya Land Rover 109, 110 na Defender ya zamani haishiki tairi lolote. Inashika propela inayotoka nyuma ya giaboksi. Gari likiwa limekaa chini kwa matairi yote, inashika imara. Lakini ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja huku la chini likizunguka upande mwingine. Propela haijasogea hata kidogo, handbreki imekaza, na gari linatembea.

Kaka yangu alipata pancha njia ya Orkesumet, mahali penye mteremko mdogo ambao macho hayauoni. Akavuta handbreki, akapachika jeki chini ya ekseli ya nyuma, akainua. Alikuwa ametoka tu kuingiza mkono kwenye upinde wa tairi kuangalia bushi. Gari likasogea mbele bila sauti, jeki ikalala, ekseli ikatua kwenye changarawe. Angechelewa kidogo angekuwa fundi wa mkono mmoja. Hakukuwa na ubovu wowote kwenye gari. Tulikuwa hatujui.

Kwa hiyo kabla ya kuinua: weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini, ingiza fowili au funga difu ya katikati, ingiza gia, ndipo uvute handbreki. Na usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kama unatafuta nati iliyoanguka. Weka gogo au tairi la akiba chini ya chesisi.

Jambo hilo hilo linahusu hafushafti, ile nondo inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi. Land Rover za zamani zina sifa ya kukata hafushafti za nyuma, hasa gari likiwa limejaa na dereva akiachia klachi kwa hasira kwenye shimo. Ikikatika utasikia mlio kama wa bunduki, halafu injini inanguruma na gari halisogei. Tena handbreki haishiki, na gia haizuii. Ukiwa mlimani, mguu ubaki kwenye breki mpaka mtu aweke mawe.

Habari njema ni kwamba ekseli hizi zimetengenezwa kwa namna ambayo uzito wa gari haubebwi na ile nondo. Tairi halitachomoka. Unafungua boliti za habu, unachomoa kipande, unarudisha kifuniko, unaingiza fowili, na 109 inakwenda nyumbani ikivutwa na matairi ya mbele. Nenda taratibu, shusha abiria. Kipande kinachobaki ndani ya difu nacho lazima kitolewe kabla hakijasaga gia.

Joto

Injini nyingi za huku hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa kuchemsha.

Rejeta ya gari la porini huziba kwa nje. Mbegu za nyasi, vumbi, panzi na tope hukaa katikati ya vile vibati vyembamba hadi hewa haipiti. Dereva anaongeza maji ndani kila siku wakati ugonjwa uko nje. Ipulize kwa upepo au imwagilie maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama mara kwa mara uangalie chini pia. Nyasi kavu zikijikusanya kwenye bomba la moshi huwaka.

Mshale wa joto ukipanda, simama. Usiseme nafika pale kwenye duka. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maana maji yaliyobanwa yatakurukia usoni. Na yasimwagwe maji baridi kwenye injini iliyokaukiwa, kwa sababu silinda hedi hupasuka kwa mshtuko huo. Subiri hadi mkono uweze kugusa. Hedi ya 1HZ iliyochemshwa mara mbili tatu hupata nyufa, na hedi za aluminiamu za Land Rover za dizeli za miaka ya 1990 hupinda, gasketi inaungua. Dalili ni maji kupungua bila kuvuja popote, mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Pia kuna mkanda wa taimingi. 1HZ inao, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Injini ya 300Tdi ya Land Rover, ya kuanzia mwaka 1994, nayo ina mkanda, na kwenye vumbi hubadilishwa mapema zaidi. Injini za lita 2.25 za 109 zina cheni, kwa hiyo hapo pumua. Ukinunua gari na muuzaji hakumbuki mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki ile ile.

Dizeli yenyewe ni habari nyingine. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli gari hutembea, lakini pampu na nozeli hulainishwa na dizeli hiyo hiyo, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, ila kinasaba hakilindi dumu linalouzwa dirishani. Chujio la dizeli lina sehemu ya kutolea maji chini yake. Ifungue kidogo kila wiki.

Kuvuka maji

Mkonga hauligeuzi gari kuwa mtumbwi. Unainua mahali injini inapovutia hewa, na faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa yenye vumbi pungufu ukifuata gari jingine. Viungo vyake vikiwa vimelegea, maji huingia kama kawaida.

Kabla ya kuvuka korongo, shuka utembee. Kama maji yanakusukuma miguu, gari nalo litasukumwa, kwa sababu bodi lake ni pana kuliko wewe. Korongo la huku hujaa kwa mvua iliyonyesha kijiji kingine, na hushuka kwa saa chache. Kungoja ni bure.

Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe. Maji yakiwa juu ya pistoni hayabanwi kama hewa. Konrodi inapinda na injini imekwisha. Vuta gari nje, fungua nozeli au plagi, izungushe injini maji yatoke, ndipo ufunge. Baada ya kuvuka kwa kina, fungua nati za difu uangalie oili. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi hujivuta ndani, na kama kitundu cha kupumulia kimeziba kwa tope, inanyonya maji kupitia kwenye sili. Hapo ndipo beringi zinapoanza kulia mwezi mmoja baadaye na hakuna anayekumbuka lile korongo.

Kuhusu kuvutana kwenye tope nitasema moja: kamba au mnyororo ukikazwa, watu wakae mbali. Ukikatika unarudi kama fimbo. Na kabla ya kuita wa kukuvuta, punguza upepo wa matairi na uchimbe mbele ya kila tairi kwa jembe. Kukanyaga mafuta kunachimba kaburi tu.

Kununua

Magari mengi ya aina hii yanayofika vijijini yanatoka kwenye minada ya serikali na ya miradi, au kwa watalii na kampuni za kambi za mwituni waliokwisha kuyachosha. La mradi kwa kawaida limehudumiwa kwa ratiba. Tatizo ni muda liliokaa chini ya mti kabla ya mnada: betri, oltaneta na hata nozeli huwa zimehamia kwingine. Kuagiza kutoka nje kuna hesabu yake, kwa sababu gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, na magari haya karibu yote ni ya zamani.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Chukua nyundo ndogo na kipande cha kanga kuukuu. Lala chini. Gonga chesisi kuanzia nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi. Angalia zaidi mhimili wa nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi, ambako tope hukaa mwaka mzima. Gari lililoishi pwani liogope kidogo. Ukiona rangi mpya nyeusi imepakwa nene chini ya gari tu, uliza kwa nini. Angalia lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele. Likivuja oili kidogo ni kawaida ya uzee, likiwa limechubuka na lina mashimo utalipia. Liwashe likiwa la baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika anaficha jambo. Kisha endesha angalau saa moja, upande mlima, urudi, uangalie maji.

Linganisha pia namba za chesisi na injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Hizi gari zimebadilishwa injini mara nyingi sana, na zetu wenyewe ilishakuwa na injini tatu. Kama injini haifanani na kadi, muuzaji amalize na TRA kabla hujatoa fedha, na umiliki uhamishwe kwa jina lako. Kadi yenye jina la marehemu ni mgogoro wa mirathi unaotembea kwa magurudumu.

Kama nia ni kubeba abiria kwa nauli, unahitaji leseni ya LATRA na bima inayotaja abiria. Bima ndogo ya gari binafsi mara nyingi haiwatambui watu wa nauli. Najua siku ya mnada mtu huning'inia mpaka kwenye bampa. Nayajua pia magari mawili ya njia yetu yaliyopinduka hivyo. 109 ilitengenezwa kubeba takriban tani moja, mizigo na watu pamoja. Magunia kumi ya mahindi ya kilo mia yameshaimaliza, hata kabla hajapanda mtu.

Spea

Hapa ndipo koo mbili zinapoachana. Spea za mkonga zinapatikana karibu kila mji, mpya na zilizotumika, nyingi zikipitia Dubai. Ni ghali lakini zinadumu. Za Land Rover ni rahisi zaidi kwa bei na zinaharibika mara nyingi zaidi, ila Arusha ina mafundi waliozaliwa nazo, na Gerezani jijini Dar es Salaam huwezi kukosa. Nairobi watu huenda barabara ya Kirinyaga. Ukiwa Simanjiro au Longido, Land Rover ina jirani wa kumuuliza. Ukiwa mahali ambapo hakuna hata moja nyingine, nunua mkonga kama mfuko unaruhusu.

Spea feki zipo kwa zote mbili. Beringi nyepesi kuliko ile ya zamani, sili ngumu kama plastiki, chujio ambalo karatasi yake haijashikana na bati: achana nazo. Beba spea ya zamani dukani, ipimwe kwa macho na kwa mkono. Dereva anayetuma namba tu kwa simu hurudishiwa kitu cha gari jingine, na basi limeshaondoka.

Ndani ya gari letu hakikosekani: hafushafti moja, mkanda wa feni, bomba la rejeta la juu, lita tano za oili, maji, mafuta ya breki, waya wa kufungia, spana za inchi na za milimita, maana 109 inatumia zote mbili kutokana na kuwekwewa sehemu za magari mengine. Na jembe.

Jambo la mwisho ni daftari. Baada ya baba kufariki tulilikuta la kwake, limeandikwa kila safari, nauli iliyopatikana, dizeli, pancha, fundi. Tulipojumlisha mwaka mmoja, gari lilikuwa limeingiza kidogo tu kuliko lilivyokula, na tofauti ile ingemalizwa na giaboksi moja. Kaka tangu hapo hutenga sehemu ya kila nauli kwenye akaunti ya simu ambayo ni ya gari peke yake. Mwezi mzuri unalisha mwezi mbaya. Usipotenga, giaboksi ikifa utauza ng'ombe wa pili ili kumuokoa yule wa kwanza uliyekwisha kumuuza.

Nilimpigia mzee wa Simanjiro wiki iliyofuata, nikamsomea haya karibu yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza kama vijana wake wanaweza kwanza kukaa na fundi Arusha miezi mitatu wajifunze, kabla hajauza mnyama hata mmoja. Nikamwambia hilo ni swali zuri kuliko lile la kwanza. Kwa nyuma nikasikia sauti ya mama ikisema jambo kwa Kimaasai, mzee akacheka, hakunitafsiria.

Yetu iko kwenye mawe tangu Jumamosi. Sili ya tairi la mbele kulia imekwisha, na tunangoja basi la Arusha lilete nyingine.